Kwenye dizaini ya tovuti, anayelipa huwa hayupo kwenye kikao

Ukikaa kwenye vikao vya kupitisha dizaini ya tovuti utaona kitu kimoja kinajirudia, watu wote waliopo pale wana skrini kubwa, intaneti inayokimbia, macho yao mazima, na tovuti wanaijua tayari maana ni yao wenyewe. Wanajua menyu iko wapi, wanajua lile neno la ajabu kwenye kitufe lina maana gani kwa sababu wao ndo walilitunga. Na hao hao ndo wanaamua rangi, ukubwa wa maandishi, picha gani ikae juu, fomu iulize nini. Yule atakayekuja kuhangaika na hayo maamuzi usiku kwenye kisimu chenye kioo kilichopasuka hajaalikwa.

Mimi kazi yangu ndo hii, kutengeneza tovuti, na siku hizi zaidi kurekebisha za wengine ambazo zimegoma kuleta kile wenyewe walichotegemea. Kwa kuzifungua fungua hizo zilizogoma nimejikuta nina swali moja naliuliza kwa kila kitu kilichopo kwenye ukurasa: hiki nani anakilipia? Na sio lazima iwe hela. Watu wanalipa kwa bando, kwa muda, kwa macho kuuma, kwa taarifa zao binafsi, kwa kujiona wajinga mbele ya mashine. Kila chaguo la dizaini kuna mtu linamrahisishia na kuna mtu linamtwisha mzigo, na mara nyingi sana anayerahisishiwa ni yule aliyepo kikaoni.

Uzito wa ukurasa kwa mfano, wengi wanaona ni mambo ya madevelopa tu. Mteja anataka video ijicheze yenyewe pale juu nyuma ya maandishi, na inapendeza kweli, sibishi. Kikaoni inafunguka papo hapo kwa sababu kompyuta yake ishaifungua mara kibao na brauza imehifadhi kopi, haiivuti tena mtandaoni. Anayekuja mara ya kwanza kwa simu anaivuta yote, inamla bando, alafu hata haiangalii maana yeye alikuja kutafuta namba ya simu.

Nikisema hivyo jibu linalokuja karibu kila mara ni "lakini ripoti inaonyesha watu wetu wengi wana intaneti nzuri". Hapo ndo huwa naomba tutulie kidogo, hiyo ripoti imekusanywaje? Imekusanywa na kijiprogramu kilichomo ndani ya ukurasa wenyewe, ambacho nacho lazima kifike kwenye simu ya mtu kwanza ndo kianze kuhesabu. Mtu aliyesubiri, akachoka, akafunga kabla hakijafika, kwenye ripoti hayupo. Yaani hata kwenye hesabu ya walioondoka hayumo, hayupo kabisa. Kwahiyo ukurasa mzito unajitengenezea ushahidi wake wenyewe kwamba wateja wote wana intaneti nzuri, maana wenye mbovu ushawafukuza kabla ya kuhesabiwa.

Kuna kisa cha YouTube nakitumia sana kwenye mabishano haya. Injinia wao mmoja wa zamani, Chris Zacharias, alikisimulia mwaka 2012. Ukurasa wa kutazama video ulikuwa umefika megabaiti 1.2 hivi, hapo video yenyewe bado hujaihesabu, akajipa kazi ya kuushusha hadi chini ya kilobaiti 100 na akafanikiwa, akafika 98. Mradi wakauita Feather. Wakaujaribu kwa baadhi ya watazamaji, alafu takwimu zikarudi zimepinduka: wastani wa muda wa kufungua ukurasa umepanda! Ukurasa umekuwa mwepesi zaidi ya mara kumi, na wastani umekuwa mbaya zaidi. Ilikuwa karibu akate tamaa mpaka takwimu zilipogawanywa kwa maeneo ndo ikaeleweka, kumbe kuna watu Kusini Mashariki mwa Asia, Amerika Kusini, Afrika, hadi Siberia huko, ambao zamani ukurasa ungewachukua kama dakika 20 kufunguka kwahiyo walikuwa hawautumii kabisa, sasa ukawa unafunguka kwa dakika 2 hivi na wakaanza kuja kwa wingi. Dakika 2 ukiichanganya kwenye wastani inauharibu, ila kwa yule mtu ndo mara ya kwanza kuona video inacheza.

Sasa fikiria bosi ambaye hajagawa hizo takwimu, kaletewa tu grafu ya wastani. Angesema rudisheni ukurasa wa zamani, na angekuwa na namba mkononi, na kila mtu kikaoni angetikisa kichwa kukubali. Hiki ndo kinachonitisha kuliko dizaini mbaya yenyewe, dizaini mbaya yenye ripoti nzuri.

Tuje kwenye maandishi ya kijivu, na hapa nitakaa maana nina ugomvi nayo. Sisi madizaina tunakipenda kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinaonekana kisafi, kimetulia, ukurasa unapumua. Upo mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu hadi wenye ulemavu, unaitwa WCAG, unatolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, toleo la 2.0 lilitoka 2008 na la 2.2 likatoka Oktoba 2023, unasema maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1, na yale makubwa 3 kwa 1. Kijivu chenye namba ya rangi #777 kwenye nyeupe kinaishia 4.48, kimekosa kidogo tu, ila kile cha #999 ambacho ndo nakikuta kila siku kiko kwenye 2.85 na watu wanakiwekea hadi masharti ya malipo (naamini wengine wanafanya makusudi, ila siwezi kuthibitisha). WebAIM, shirika la Marekani linalofuatilia kama tovuti zinawafaa wenye ulemavu, tangu 2019 huwa wanapima kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, na kosa linaloongoza ni hilohilo la maandishi hafifu, kama kurasa 8 kwa kila 10.

Sehemu ya kazi yangu ni kukaa pembeni ya mtu anapotumia tovuti bila kumsaidia, ni ngumu kuliko inavyosikika, unatamani umuonyeshe kitufe kwa kidole. Mzee mmoja alikuwa anajaribu kuweka miadi kwa simu, anaisogeza mbali, anaileta karibu na pua, anaigeuzia kwenye kivuli. Alipomaliza nikamuuliza, mzee wangu tovuti umeionaje? Akaniambia "nzuri tu mwanangu, macho yangu ndo yamezeeka".

Hilo jibu nimelisikia kwa sura nyingi sana. "Mimi mambo ya kompyuta sijui." "Simu yangu mbovu." "Nilikuwa na haraka." Mtu anateseka na chaguo alilofanya mwingine alafu lawama anajipa mwenyewe, na ukimpa dodoso la kuridhika anakupa nyota nne kwa adabu. Kwahiyo ukitegemea watu walalamike ndo ujue dizaini ina shida utasubiri sana, wanaolalamika ni wale wanaojiamini, na wanaojiamini wengi wana macho mazuri na simu nzuri. Siku hizi siulizi kabisa "umeionaje", nampa mtu kazi ya kufanya alafu naangalia mikono.

Na fomu jamani. Yale maelekezo ya ndani ya kisanduku yanayopotea ukianza kuandika, nani aliyaomba? Kwenye picha ya dizaini yanapunguza vitu, fomu inaonekana fupi. Mtu akikatizwa na simu katikati akirudi anakuta visanduku vimejaa maneno yake na hajui kipi kilikuwa kinauliza nini. Alafu kuna suala la majina, fomu inadai majina mawili na kuna watu wana moja, fomu inakataa alama ya juu kwahiyo mwenye ng' kwenye jina lake na O'Brien wote wanaambiwa wameingiza "herufi isiyoruhusiwa". Jina la mtu! Ukimuuliza aliyetengeneza anasema aliiga fomu ya zamani, na ya zamani iliiga nyingine, hakuna mahali popote mtu alikaa akaamua kwamba akina Ng' wasijiandikishe. Chaguo ambalo hakuna aliyelichagua ndo gumu kuling'oa, maana hakuna wa kumuuliza sababu.

Kwenye fomu hizo hizo kuna lile la kumlazimisha mtu afungue akaunti kabla hajaona chochote. Marekani walilionja tarehe 1 Oktoba 2013 walipozindua HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kutafutia bima ya afya. Shida zilikuwa nyingi, mifumo haikujaribiwa vya kutosha na kadhalika, ila moja ilikuwa ya dizaini kabisa: watu wengi walitaka kuchungulia tu bima zipo zipi na bei gani, uamuzi uliofanywa dakika za mwisho ukawapeleka wote wafungue akaunti kwanza, wote wakajazana kwenye kihatua kimoja ambacho hakikuwa na uwezo huo. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha bima ni watu 6. Nikiona tovuti inaniuliza pasiwedi kabla haijanionyesha bidhaa namkumbuka yule aliyesema kikaoni "tukiwa na akaunti zao tutawajua wateja vizuri". Ndio, utawajua wale waliobaki.

Picha zinazopishana zenyewe pale juu ya ukurasa, hizi nazo zina historia ya kuchekesha. Chuo Kikuu cha Notre Dame kilipima za kwao wakatoa takwimu 2013, waliobofya ni kama asilimia 1 ya waliofika, na kati ya hao asilimia 84 walibofya picha ya kwanza. Zilizofuata ni kama hazipo. Hizi takwimu zinajulikana miaka yote hii na bado naombwa niweke picha zinazopishana, nikawa najiuliza kwa nini, mpaka nilipoanza kusikiliza vizuri kikaoni nani anasema nini. Masoko wanataka tangazo lao liwe juu, idara ya rasilimali watu inataka nafasi za kazi ziwe juu, mkurugenzi anataka picha ya uzinduzi iwe juu, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia mwenzake hapana. Picha zinazopishana zinamaliza huo ugomvi, kila mtu anarudi ofisini kwake akijua "tuko ukurasa wa mwanzo". Kwa kazi hiyo zinafanya vizuri mno, bei yake ndo inaenda kwa mtu aliyekuwa anasoma sentensi ikatoweka kabla hajaimaliza. Kwahiyo sibishani tena kwa takwimu, naomba wakae wakubaliane kwanza kitu kimoja ambacho mgeni lazima akione, na hapo ndo ugomvi wa kweli unaanza na mimi natoka nikanywe maji.

Kuskroli kusikoisha, yaani ukurasa unaojiongeza wenyewe kila ukikaribia mwisho, nako nikaguse tu. Mdizaina mmoja, Aza Raskin, aliibuni mwaka 2006, lengo lilikuwa kumpunguzia mtu mabofyo, na mwenyewe amesema hadharani anajutia ilivyokuja kutumika, maana kile kituo cha "ukurasa unaofuata" ndo kilikuwa kinampa mtu nafasi ya kujiuliza aendelee au aache. Ila mimi nimekutana nayo kwenye tovuti ya taasisi moja ambayo imeweka anwani na namba za simu chini kabisa ya ukurasa, alafu habari zinajiongeza zenyewe kila ukikaribia chini. Unaziona zile namba, unazikimbilia, zinasukumwa chini. Mtu aliyetaka kupiga simu alikuwa anafukuzana na namba ya simu.

Sasa vile vidirisha vya kuki, vile vifaili ambavyo tovuti inaviweka kwenye simu yako ili ikutambue na kukufuatilia. Sheria ya Ulaya ya data, GDPR, ilipoanza kutumika Mei 2018 vidirisha vikajaa kila mahali na watu wengi hadi leo wanaamini sheria ndo imeleta ule usumbufu. Sheria ilidai ridhaa ya kweli. Kile kitufe kikubwa cha rangi cha kukubali na kale kamaandishi kembamba ka "simamia mapendeleo" kanakokupeleka kwenye swichi kibao, hiyo ni dizaini, kuna mtu alikaa akaichora. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema tarehe 1 Oktoba 2019 kwenye kesi ya kampuni ya Planet49 kwamba tiki iliyowekwa tayari haihesabiki kuwa ni ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, CNIL, ikatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, na hoja ilikuwa ya kidizaini kabisa, kukubali ni bofyo moja na kukataa ni mabofyo kadhaa.

Niliwahi kukaa kikao ambacho bosi alileta ripoti kwa furaha, watu wanakubali kuki kwa kiwango kikubwa sana, akahitimisha kwamba wateja wetu hawana shida na kufuatiliwa. Nikamuomba afungue tovuti kwenye simu yake akatae. Akahangaika, akarudi nyuma, akabofya "hifadhi" ambayo kumbe ilikuwa imehifadhi kila kitu kikiwa kimewashwa, akasema "hii si ndo nimekataa?" Ile namba kwenye ripoti ilikuwa inapima umbali wa kitufe, kuhusu matakwa ya wateja haikusema lolote. Nilimwambia hivyohivyo kwa sauti ya heshima, bosi ni bosi. Vitufe viwili vya ukubwa mmoja tuliviweka miezi baadaye, kiwango cha kukubali kikashuka, na watu wa masoko hawakunisalimia vizuri kwa muda.

Vitu vinavyotembea tembea, unaskroli maandishi yanaruka kutoka pembeni. Kwa wengi ni urembo. Kuna watu wanapata kizunguzungu na kichefuchefu kabisa, ilisikika sana 2013 Apple walipotoa iOS 7, mfumo wa simu zao, yenye miondoko mingi, watu wakalalamika wanaugua, ikabidi Apple wapanue uwezo wa kuipunguza kwenye mipangilio. Brauza za sasa zinaweza kuiambia tovuti kwamba mtu huyu ameomba miondoko ipunguzwe, ni mistari michache tu ya msimbo wa programu. Hapa hata sina hoja ndefu, iweke.

Namna ninavyofanya kazi sasa haina ufundi mkubwa. Nina simu ya zamani yenye memori ndogo ambayo kila ukurasa lazima upite humo, na nikifika kwa mteja naifungulia hapo hapo mezani kila mtu asubiri pamoja, ule ukimya unafanya kazi kuliko maneno yangu yote. Nazima picha nione kama bado inaeleweka. Naweka kipanya pembeni natembea kwa kitufe cha Tab. Nakuza maandishi mpaka asilimia 200, kiwango ambacho WCAG wanasema tovuti lazima ihimili, na hapo ndo utaona menyu inalalia kichwa cha habari. Alafu pembeni ya kila chaguo kubwa naandika kimstari cha nani linamsaidia na nani linamgharimu, na kama sehemu ya pili imebaki wazi najua sijafikiria vya kutosha, maana hakuna chaguo la bure.

Sio kwamba kila kikwazo ni kibaya, na hapa huwa natofautiana na wenzangu wanaotaka kila kitu kiwe laini. Ukihamisha pesa, ukituma kitu kwa watu wote, ukifuta kitu kisichorudi, napenda kabisa tovuti inisimamishe iniulize. Shida ni kikwazo kikiwekwa upande mmoja tu, kuingia unateleza, kutoka unapanda mlima. Juni 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon kwa kuwaingiza watu kwenye uanachama wake wa kulipia, Prime, bila ridhaa na kuwazungusha wakitaka kutoka, na ndani ya shauri ikatajwa kwamba ule mchakato wa kujitoa wenyewe kwa wenyewe ofisini waliuita Iliad, lile shairi refu la Kigiriki la vita. Septemba 2025 wakakubaliana kuimaliza kesi kwa dola bilioni 2.5.

Mteja wangu mmoja wa karibuni alitaka kitu cha namna hiyo, kwa kiwango kidogo, kiungo cha kufuta akaunti kifichwe ndani ya ukurasa wa maswali. Sikumpa hotuba ya maadili. Nilimuuliza mtu akishindwa kujitoa atafanya nini, tukaorodhesha pamoja: atapiga simu na kuna mtu analipwa kuipokea, atakwenda benki kupinga makato, ataziripoti baruapepe zenu kuwa ni takataka mpaka za wateja wengine ziache kufika. Akakuna kichwa, akasema basi tuiweke kwenye mipangilio ya akaunti pawe wazi, ila tubakize hatua moja ya kuuliza kama mtu ana uhakika. Hapo nikawa upande wake, vitufe vya simu ni vidogo na vidole ni vinene, na akaunti ikifutwa harudishiwi. Tulichobishania ni maneno ya hicho kitufe cha pili, alitaka iandikwe "hapana, napenda huduma nzuri", tukaishia kwenye "ghairi".